Dereva Aliyethubutu Kulala

Mheshimiwa mgeni rasmi, mteja wetu mkubwa, ambaye mizigo yako haijawahi kuambiwa ngoja; Ndugu Mkurugenzi wa kampuni yetu; wakuu wa idara mliokaa meza ya mbele penye maua; ndugu zangu madereva, matingo, mafundi na walinzi wa geti; shemeji yetu, mke wa mzee tunayemuaga, pamoja na watoto wenu na wakwe zenu; wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Kama kuna niliyemruka, anisamehe, itifaki si kazi yangu. Kazi yangu mnaijua. Mimi ndiye yule wa dirishani, anayepanga safari na kuwapigia madereva simu. Wenyewe mmenibatiza Mama Haraka, na leo jina hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mshereheshaji amenionya nisiwe mrefu. Amenong'ona, "Mama, maneno mawili matatu tu, tukate keki, maana lori lile linasubiri." Mmeliona wakati mnaingia. Limeshafungwa turubai, kichwa kimegeuzwa kuelekea getini. Ni mzigo wa mgeni rasmi, ni wa haraka kama kawaida, na unatakiwa uwe umefika kesho asubuhi upande wa pili wa nchi. Dereva wake ni Chuma, yule pale kwenye kiti cha karibu na mlango. Amerudi leo hii kutoka safari nyingine, akanawa uso kwenye bomba la karakana, akaja moja kwa moja kumuaga mwenzake. Nimemuuliza mlangoni, "Chuma, umelala kweli wewe?" Akanijibu, "Mimi tena, Mama? Niko fiti." Haya, mtazameni huyo aliye fiti. Kidevu kimeshagusa kifua. Jamani, mkishapiga picha na kula keki mtarudi kwenu, lakini huyu ataondoka na lori lile akiwa hivyo alivyo. Ndiyo maana sitakuwa mfupi.

Nimepewa kazi ya kumsifu mzee wetu. Kwenye karatasi zake ana jina zuri alilopewa na wazazi, lakini hapa uani hakuna anayelitumia. Tunamwita Bwana Mto. Watoto wake mlioko hapa, msidhani ni jina la heshima. Tulimpa kwa dhihaka, kwa sababu ndani ya kichwa cha lori lake, nyuma ya kiti, alikuwa akibeba mto wa kulalia wenye foronya ya maua aliyoishona mama yenu. Wengine walibeba redio, wengine soda za kufukuza usingizi na vitu vingine ambavyo sitavitaja mbele ya wakwe. Yeye alibeba mto. Macho yakianza kumuuma, aliegesha, akalala. Hakuwa na mjadala.

Nisimpambe kupita kiasi maana yupo anasikia, na ataringa. Bwana Mto ni mbishi. Hajawahi kukubali kwamba amefungwa drafti, hata wakati kete zake zote ziko mfukoni kwa mpinzani. Anakula taratibu mpaka wenzake wanasinzia mezani. Anakoroma, na walinzi wa kwenye mizani ya barabarani wanasema wakisikia ngurumo hawaangalii mawingu, wanauliza kama Bwana Mto ameegesha karibu. Lakini niulize: katika maisha yake yote ya kazi, kuna mtu hapa aliyewahi kudanganywa naye? Nyoosheni mikono. Naona hata Mhasibu ameacha yake mapajani.

Sasa nije kwetu sisi wa ofisini, na hapa ndipo aibu inapoanza. Tulikuwa na mchezo wetu. Bwana Mto akipigiwa simu, Mhasibu alipiga kelele, "Wekeni spika! Wekeni spika!" Watu wakaja na vikombe vyao vya chai kutoka vyumba vyote, wakanizunguka. Nami nikauliza lile swali langu, ambalo madereva wanaliota usingizini: "Umefika wapi?"

"Nimefika mwisho wa nguvu zangu, dada," anajibu. "Nimeegesha."

"Na mzigo je?"

"Mzigo nao umeegesha. Tunalala wote."

Basi ofisi nzima hoi! Chai inamwagika, mtu anajishika mbavu. Wiki nzima tukawa tunaigizana kwenye korido. Ukichelewa kumpelekea mwenzako faili, unamwambia, faili limeegesha. Hata wewe Ndugu Mkurugenzi ulikuja mara moja moja kusikiliza, na ulicheka kuliko sote, na sisi tuliona fahari kumchekesha bosi.

Hao wengine tukiwapigia walisema nini? "Nakaribia, Mama." Nani asiyelijua neno hilo? Fundi cherehani analisema hata kitambaa hakijakatwa. Mtu yuko bafuni na sabuni kichwani, anakwambia anakaribia. Nilijua ni uongo, na niliupenda, kwa sababu uongo ule niliweza kuupeleka juu. Mimi nilimwambia Mkurugenzi, Mkurugenzi akamwambia mteja, mteja akatulia, na kila mmoja akanywa chai yake. Ukweli wa Bwana Mto haukubebeka. Ningeupeleka kwa nani, "dereva amelala"? Ndiyo maana tuliufanya kichekesho.

Jeti, kaka yangu, naomba ruhusa yako nisimulie yaliyokupata. Asante. Wageni ambao hamumjui, ni yule wa mstari wa pili mwenye magongo. Huyu ndiye aliyekuwa dereva wetu wa mfano. Picha yake bado iko pale mapokezi, amesimama mbele ya lori, miguu yote miwili. Kwa kasi hakuwa na mfano na kwa kucheza dansi ndiyo usiseme, hata sherehe kama hii isingefika kwenye keki kabla hajaburuta wakwe za watu uwanjani.

Siku ile malori mawili yalitoka kwenye ghala moja, yote yamebeba mzigo wa mgeni rasmi, yote yameandikwa haraka. Jeti alitangulia, Bwana Mto akafuata. Wote wawili walikuwa wametoka safari nyingine, kama Chuma leo. Saa ya chai nikampigia Bwana Mto. "Spika!" Akasema ameegesha karibu na daraja jembamba, chini ya nguzo ya simu, analala. Tukacheka. Kisha Mhasibu akasema, mpigie na Jeti, tulinganishe mwanamume na mwanamume. Nikampigia, spika ikiwa wazi.

"Jeti, umefika wapi? Mwenzako huku analala!"

"Mimi nakaribia, Mama," akasema, naye anacheka. "Nauona mji. Mwambie huyo mgonjwa wa usingizi apone hara..."

Hakumaliza. Tulisikia honi, ndefu. Kisha tukasikia vitu ambavyo sitavieleza mbele ya mke wake. Tulisikia sote, tumesimama na vikombe mkononi. Spika tuliyoifungua ili tucheke ndiyo iliyotusikilizisha. Hakuna aliyenyoosha mkono kuizima.

Haya, ukasaidie. Wapi? Alisema anauona mji, basi tukatuma watu mlango wa mji. Askari wakaenda, gari la wagonjwa likaenda, wakapanda na kushuka barabara ile hawaoni hata tairi. Kwa sababu hakuwa anauona mji, jamani. Alikuwa mbali sana nyuma. Alisema anauona mji kwa kuwa ndilo jibu tulilomzoesha kutupa. Tulimtafuta alikosema yuko, na damu yake ilikuwa inamwagika aliko.

Kwenye barabara nzima ile, mtu mmoja tu ndiye niliyejua kwa hakika yuko wapi. Daraja jembamba, chini ya nguzo ya simu. Nikampigia. Nilikuwa nalia, sijui hata nilisema nini. Yeye hakuuliza mara mbili. Akasema, "Nakuja naangalia mitaro, dada." Na huyu mzee wa kujikokota, ambaye mwendo wake ulikuwa hadithi ya kila siku, akaja kwa mwendo wake uleule, akichungulia mtaro wa kulia, akichungulia mtaro wa kushoto, mpaka alipoona majani yamelala upande ambao upepo hauyalazi. Alivunja kioo cha mbele kwa spana ya magurudumu. Alimtoa Jeti. Alimlaza kwenye lori lake, akauweka mguu ule juu ya mto wenye foronya ya maua, akampeleka hospitali. Huko alikaa naye mpaka mke wa Jeti alipofika. Mto ulibaki hospitali, haukufaa tena.

Wageni waalikwa, mnadhani tulimfanyia nini mtu huyu? Tulimpa medali? Tulimpa hata pole? Mzigo wake ulifika siku ya pili. Aliitwa ofisini akaambiwa kwamba kuchelewa kumezidi, kwamba umri nao umesogea, kwamba sasa apumzike. Mlango ulikuwa wazi, nilisikia. Nilijifanya natafuta kalamu. Na kwa kuwa sisi ni watu wa adabu, tukaandaa sherehe, tukapamba ukumbi wa chakula, tukatundika bango hilo mnaloliona nyuma yangu: "Tunakutakia Mapumziko Mema." Hivi kweli? Tumemfukuza mtu kwa sababu alipumzika, kisha tunamtakia mapumziko mema! Mwandishi wa bango hana kosa, aliandika alichoambiwa. Lakini mimi nikilisoma natamani ardhi ipasuke.

Si hilo tu. Zawadi ile iliyofungwa kwa karatasi za kumetameta, mnajua ni nini? Kamati ilikaa, na mmoja akapendekeza tumpe mto. Tukacheka! Baada ya yote hayo, tukacheka, na mimi nikiwamo. Tulikuwa tumeshaizoea sauti ya kumcheka, ikatoka yenyewe. Ni Jeti aliyenifunga mdomo. Nilikwenda kumtazama nyumbani kwake, nikamkuta kibarazani, akanitania: "Mama, viatu sasa nanunua pea, kimoja changu, kimoja nakuuzia." Nilijaribu kucheka, nikashindwa. Yeye alicheka peke yake, lakini macho yake hayakucheka.

Kisha mke wake akatoka ndani na trei ya maji, akaiweka chini, akaniuliza kwa upole kabisa: "Dada, kwani lile lori lilikuwa limebeba nini?"

Sikujua. Mimi niliyempigia mume wake simu nimwahishe, sikujua namwahisha na nini. Kwangu ilikuwa imeandikwa haraka, ikatosha. Nikamwambia, "Shoga, nitaulizia." Nikarudi na aibu yangu, nikafunga safari mpaka huko mzigo ulikoshushiwa, mara ya kwanza katika miaka yangu ya kazi kuona mwisho wa barabara ninayoipanga. Mtunza ghala alinipokea vizuri. Nikamwambia nataka kuona mzigo uliookolewa kwenye lori lililoanguka. Akanipeleka kwenye kona ya ndani, akafuta vumbi kwa kiganja. Ulikuwa palepale, nailoni haijakatwa.

Nikamwuliza, "Huu si ulikuwa wa haraka?"

Akasema, "Tuliutaka, ndiyo, lakini si kiasi hicho. Jengo lenyewe bado halijapauliwa."

Shoga yangu, mke wa Jeti, ulinisubiri nikujibu na nimekukwepa mpaka leo. Nakujibu mbele ya watu. Vilikuwa vigae. Vigae vya sakafu, vya jengo ambalo halina paa. Mguu wa mume wako ulikwenda kwa ajili ya vigae ambavyo mpaka leo hakuna aliyevikanyaga. Nisamehe kwa kuuliza umefika wapi, na nisamehe zaidi kwa kuchelewa kukujibu.

Naomba maji kidogo. Asante.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sikuja kukutukana. Wewe ni mtu mwema, umetuletea keki hii, na naamini hukuwahi kumwambia mtu yeyote akimbize lori mpaka limtupe mtaroni. Uliandika tu neno moja, haraka. Ukaliandika kwenye vigae, ukaliandika kwenye rangi, na leo, nimekwenda mwenyewe kufunua turubai, umeliandika kwenye masinki ya kunawia. Kila mzigo ukiwa wa haraka, nitajuaje ule ambao kweli mtu anausubiri akiwa anahema? Nasi tulilipokea neno lako tukaliongezea letu. Wewe ulisema kesho, Mkurugenzi akasema mapema kesho, mimi nikasema alfajiri, na lilipomfikia dereva lilikuwa limeshakuwa jana. Nanyi mtakaosema kuna mizigo ya haraka ya kweli, dawa, mitungi ya hewa, nawaambia ipo, tena mingi. Lakini dereva akilala mtaroni, na dawa zinalala naye mtaroni.

Ndugu Mkurugenzi, naona unatazama saa. Nami nimeitazama saa hiyo maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo nakuelewa. Vumilia kidogo.

Bwana Mto, kaka yangu. Juzi nilikuja kwako, nikakukuta unamwagilia miche, nikaanza kukuomba msamaha, ukanikatiza kwa ubishi wako uleule. Ulisema, "Dada, mimi usiniombe msamaha, mimi nililala. Kawaombe wale mliowanyima usingizi." Nilikasirika, nikaondoka nikisema mzee huyu hana shukrani. Nilifika nyumbani ndipo nikaelewa kwamba ulikuwa umenituma. Nimetumika leo kadiri nilivyoweza. Umefanya kazi hapa mpaka nywele zimebadilika rangi, na kila safari umemrudishia shemeji yangu mume mzima, umewarudishia watoto hawa baba mzima, na umewaacha watu wa barabarani salama. Hatukukupigia makofi hata siku moja kwa hilo. Tuliwapigia wengine. Tulimpigia Jeti mpaka akaamini, na Chuma naye anakaribia kuamini.

Na sasa lile lori. Mgeni rasmi, masinki yako yatachelewa. Hakuna lori linalopita geti letu bila hati ya safari yenye sahihi yangu, na hii sijaisaini, wala leo siisaini. Chuma atalala kwanza, atalala mpaka aamke mwenyewe, ndipo tuzungumze habari za kuondoka. Mteja mwingine akiniuliza mzigo wake umefika wapi, nitamwambia umeegesha, na nitalisema hilo bila kucheka. Dereva aliye barabarani simpigii tena. Akiegesha, atanipigia yeye. Na kama Ndugu Mkurugenzi ataona kwamba kwa haya nimestahili na mimi kutakiwa mapumziko mema, sawa. Bango lipo, halina jina, litatumika tena. Naomba tu atakayekalia kiti changu asiwe na spika.

Nawashukuru waandaaji kwa kuniamini na kipaza sauti, ingawa nadhani wanajuta. Namshukuru shemeji kwa kutuazima mume wake na kwa kushona foronya. Namshukuru Jeti kwa kukubali kukaa chumba kimoja nasi. Asanteni kwa kunisikiliza, nyote mliokuwa macho. Keki mtakata bila wimbo, na viti msiviburute. Najua mmezoea mtu akimaliza kusema apigiwe makofi, lakini nawaombeni sana, leo msipige. Chuma amelala.